Mabomba ya Tangi la Samaki: Pampu Ikizimika, Maji Yaende Wapi?

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Garissa



Wengi wetu tunaokaa kandokando ya Tana hula samaki siku wavuvi wanapobahatika, na siku nyingine tukakosa. Njia moja ya kuwa na samaki karibu na jiko ni kuwafuga katika tangi hapo nyumbani. Lakini maji ya hapa kwetu si kitu cha kumwaga ovyo. Mvua ya Garissa kwa mwaka ni kati ya milimita 300 na 400 kwa wastani, na maji ya mto hupandishwa kwa pampu au hubebwa kwa mkokoteni wa punda. Tangi linalotaka maji mapya kila siku halitufai. Linalotufaa ni lile ambalo maji yake huchujwa na kurudishwa, yakizunguka mchana na usiku.

Mpango wake ni huu. Kuna tangi la samaki, na pembeni yake kuna tangi jingine lililo fupi zaidi, la kuchujia. Maji huteremka kwa uzito wake kutoka tangi la samaki hadi tangi la kuchuja, nayo pampu huyapandisha tena. Fundi yeyote aliyezoea mabomba aweza kuifanya kazi hii. Taabu ni kwamba wengi hujenga wakifikiria siku ambazo pampu inakwenda tu, wala hawafikirii siku itakapozimika.

Wakulima wa skimu hawahitaji kufundishwa habari za pampu kuzimika. Wenzetu wa Bura, ambao wa kwanza wao walipewa mashamba mwaka 1981, walitegemea kwa miaka mingi pampu za dizeli zilizowekwa Nanigi kwenye ukingo wa mto. Pampu zilipokwama, mfereji ulikauka na mimea ikanyauka. Lakini pamba au mahindi huweza kungoja maji siku kadhaa. Samaki walio wengi katika tangi dogo hawangoji hata usiku mmoja. Kwa hiyo, ndugu, fuata hesabu zilizo hapa chini kabla hujanunua bomba hata moja.

KWA NINI MAJI YACHUJWE

Samaki hujisaidia katika maji yale yale anayopumua. Uchafu wake ni wa namna mbili. Wa kwanza waonekana: ni kinyesi na mabaki ya chakula, nao hutua chini maji yakitulia. Wa pili hauonekani, na huo ndio mbaya zaidi. Huitwa amonia, na sehemu kubwa yake hutoka katika mashavu ya samaki anapopumua. Maji yaweza kuonekana safi kama ya kunywa, kumbe yamejaa amonia na samaki wako katika hatari ya kufa.

Wapo bakteria, yaani vijidudu visivyoonekana kwa macho, wanaoishi kwa kutumia amonia hiyo. Kundi la kwanza huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo haimdhuru samaki isipokuwa ikizidi sana, na mimea huipokea kama mbolea. Bakteria hawa hujishika juu ya mawe, nao wanahitaji hewa iliyo ndani ya maji. Basi kokoto za tangi la kuchuja hazikuwekwa kama kitambaa cha kuchujia majani ya chai. Ni nyumba ya bakteria, na ukiziua nyumba zao umeua na samaki.

VIPIMO VYA MATANGI

Tuchukue mfano wa tangi la samaki ambalo ndani lina urefu wa mita 1, upana wa mita 1 na kina cha mita 1. Tangi hili hujaa kwa lita 1,000. Shika jambo hili kichwani: kila sentimita 1 ya kina katika tangi hili ni lita 10.

Tangi la kuchuja liwe na urefu wa sentimita 150 ndani, upana wa sentimita 60, na kina cha sentimita 60. Ligawe kwa kuta mbili fupi upate vyumba vitatu, kila kimoja sentimita 50 kwa 60. Katika chumba kimoja, kila sentimita 1 ya kina ni lita 3. Katika vyumba vyote vitatu kwa pamoja, ni lita 9.

Matangi yote mawili yaweza kukaa chini, juu ya sakafu moja iliyo sawa, maana tangi la samaki limelizidi la kuchuja kwa sentimita 40. Kama yamejengwa kwa matofali na simenti, yajaze maji, uyaache wiki moja, uyamwage kwenye miti, ujaze tena, na ufanye hivyo mara mbili au tatu. Simenti mpya huachia chokaa ndani ya maji, na chokaa hiyo huua samaki.

Weka matangi chini ya kivuli cha mwembe au paa la makuti. Maji ya joto hubeba hewa kidogo. Lita moja ya maji ya nyuzi joto 20 huweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 hubeba saba na nusu tu. Na hapa kwetu jua la mchana hulitia joto kila kitu lilichokifikia.

BOMBA LA KUSHUKA

Hili ndilo bomba la kwanza kulifikiria. Toboa tangi la samaki ubavuni, karibu na juu, ili mdomo wa chini wa tundu uwe sentimita 90 kutoka sakafu ya tangi. Usitoboe chini. Tundu likiwa juu, hata bomba la nje likivunjika na punda, maji yatashuka hadi kwenye tundu tu na samaki watabaki na kina cha sentimita 90. Tundu likiwa chini, bomba likivunjika utakuta samaki wamelala pakavu.

Tumia bomba la inchi 2. Kwenye tundu fungia kile kiungo chenye nyuzi, nati, na wosha za mpira, nati ikazwe kwa mkono kisha kwa spana kidogo tu. Ndani ya tangi, kwenye kiungo hicho, funga tii. Mguu wa chini wa tii uunganishe na bomba linaloshuka hadi sentimita 5 kutoka sakafu, nao mdomo wake uwe na matundu madogo ili vifaranga wasinyonywe. Hivyo uchafu uliotua chini ndio utakaopanda na kutoka, si maji safi ya juu. Mguu wa juu wa tii uongeze kipande cha bomba hadi kimo cha sentimita 96, ukiache wazi. Kipande hicho cha wazi kina kazi mbili. Huingiza hewa, bomba lisije likayanyonya maji yote ya tangi kwa mfululizo. Tena, mdomo wa chini ukiziba, maji yatapanda na kutokea hapo juu.

Kwa nje, bomba lishuke kuelekea tangi la kuchuja, likiinama angalau sentimita 2 kwa kila mita moja. Lisiinuke hata mahali pamoja. Bomba lenye nundu kama ya ngamia hushika hewa kwenye nundu, maji yakapita kwa shida, yakikoroma na kusita.

Sharti jingine: usifunge koki kwenye bomba la kushuka. Maji haya hayana nguvu ila uzito wake. Koki hupunguza njia, hukusanya uchafu, na mtoto akiichezea na kuifunga, tangi la juu litajaa. Ndiyo sababu pia bomba hili ni nene kuliko lile la pampu. Pampu yaweza kusukuma. Maji yanayoshuka hayana wa kuyasukuma.

VYUMBA VITATU VYA KUCHUJA

Chumba cha kwanza ni cha kutulia. Maji huingia kutoka bomba la kushuka, mwendo wake unapungua, na uchafu mzito unatua.

Chumba cha pili ni cha kokoto. Toboa ukuta wa kwanza kwa kimo cha sentimita 30, upitishe kipande cha bomba la inchi 2, na upande wa pili ufunge elbo inayoelekea chini, bomba likashuka hadi karibu na sakafu. Juu ya matofali weka bati nene la plastiki lenye matundu mengi, liwe sentimita 10 kutoka sakafu, na juu yake kokoto zilizooshwa, kila moja kama ncha ya kidole gumba, kina cha sentimita 25. Maji sasa yataingia chini ya kokoto na kupanda polepole kupitia kati yake.

Ukuta wa pili uwe na kimo cha sentimita 40. Maji yakishapita kokoto hufurika juu ya ukuta huo na kuanguka katika chumba cha tatu, ambamo pampu imekaa. Chini ya chumba cha kwanza na cha pili fungia koki za kutolea tope, moja kwa kila chumba, nazo zielekezwe kwenye migomba au sukuma wiki. Hapa koki zinafaa, kwa kuwa maji hayapiti humo kila wakati.

BOMBA LA KUPANDA

Bomba la pampu liwe la inchi 1. Karibu na pampu weka yunioni, ili uweze kuitoa pampu na kuiosha bila kukata bomba. Koki ya kupunguza mwendo waweza kuiweka kwenye bomba hili.

Mdomo wa bomba la kupanda usizame ndani ya tangi la samaki. Uache juu ya maji, maji yaanguke kama mvua. Kuanguka huko huingiza hewa. Lakini sababu kubwa ni hii: mdomo ukiwa umezama na pampu ikazimika, maji huanza kurudi nyuma kupitia bomba hilo hilo, na huendelea mpaka mdomo upate hewa. Ukiwa umezama sentimita 40, zitashuka lita kama 400 hivi. Tangi la kuchuja haliwezi kuzipokea.

Pampu yapasa kuzungusha maji yote ya tangi mara moja kwa saa, yaani lita 900, sawa na lita 15 kwa dakika. Usiamini maandishi ya boksi peke yake, kwa kuwa maji yakipandishwa hupungua. Chukua ndoo ya lita 20, uiweke chini ya mdomo wa bomba, uangalie saa. Ikijaa kwa sekunde 80 au pungufu, pampu yatosha.

HESABU MBILI

Sasa tufike kwenye kiini cha habari hii. Chukua penseli.

Hesabu ya kwanza: pampu ikizimika. Pampu inapokwenda, maji ya tangi la samaki hukaa juu kidogo ya mdomo wa bomba la kushuka, tuseme sentimita 2. Pampu ikisimama, sentimita hizo 2 hushuka, yaani lita 20. Ongeza lita kama 5 zilizokuwa ndani ya mabomba. Jumla ni lita 25. Je, zitaingia wapi? Chumba cha kwanza na cha pili vimejaa tayari. Zitafurika hadi chumba cha tatu. Huko kila sentimita ni lita 3, basi maji yatapanda sentimita 8 na kitu.

Kwa hiyo piga mstari wa rangi katika chumba cha tatu kwa kimo cha sentimita 25. Pampu inapokwenda, maji yasizidi mstari huo. Kutoka mstari hadi juu ya ukuta wa pili ni sentimita 15, yaani lita 45. Kutoka hapo hadi ukingo wa tangi ni sentimita 20 za vyumba vyote, yaani lita 180. Nafasi tupu uliyo nayo ni lita 225, na zinazokuja ni 25 tu. Waweza kulala usingizi.

Wako watu ambao huona nafasi hiyo tupu kama hasara, wakajaza tangi la kuchuja mpaka ukingoni. Umeme ukikatika usiku, asubuhi hukuta ua umekuwa tope. Nafasi tupu ndiyo akiba yako, kama ghala linaloachwa wazi kabla ya mavuno.

Hesabu ya pili: bomba la kushuka likiziba. Hapo pampu itaendelea kupandisha maji wala hayatashuka. Itapandisha maji gani? Yale ya chumba cha tatu tu. Chumba hicho kina sentimita 25 za maji, nazo sentimita 5 za chini pampu haizifikii. Zabaki sentimita 20, mara lita 3, ni lita 60. Tangi la samaki lina sentimita 8 tupu juu ya maji, yaani lita 80. Lita 60 zaingia ndani ya 80, wala hazimwagiki. Hii ndiyo sababu chumba cha pampu kimefanywa kidogo. Ukikifanya kikubwa kwa kudhani wapata faida ya maji, siku bomba litakapoziba tangi la samaki litafurika.

Lakini pampu ikikosa maji huungua. Kama waweza, nunua swichi yenye boya, ambayo huizima pampu maji yakishuka.

Ukiwa na matangi ya vipimo vingine, usinakili namba hizi. Pima urefu na upana wa ndani kwa sentimita, zidisha, gawa kwa 1,000, utapata lita za kila sentimita moja ya kina. Kisha fanya hesabu mbili hizo upya.

JARIBU KABLA YA KULETA SAMAKI

Jaza maji na uwashe pampu kwa siku mbili, ukitazama kila kiungo. Kisha izime, ukae hapo uangalie mpaka maji yatulie. Yakifurika, punguza mstari au pandisha mdomo wa bomba la kupanda. Washa tena, uzibe bomba la kushuka kwa kitambaa pamoja na kile kipande cha wazi juu ya tii, uone kama tangi la samaki litamwagika. Mara pampu ianzapo kuvuta hewa, izime. Yote mawili yakienda sawa, mabomba yako ni mazuri.

Waya wa pampu uulegeze, ushuke kwanza kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone linalofuata waya lianguke chini badala ya kuingia kwenye umeme. Soketi iwe juu, mbali na watoto, na kila unapotia mkono majini chomoa pampu kwanza.

SAMAKI NA UTUNZAJI

Maji ya Tana yana udongo mwingi, hasa wakati wa mafuriko. Yaache yatulie katika pipa siku mbili kabla ya kuyatia. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaweke wazi juani siku moja kamili, kwa kuwa klorini huua bakteria na samaki pia.

Bakteria huchukua wiki nne hadi sita kuenea kwenye kokoto. Kwa hiyo anza na vifaranga wachache, kama 10, ukiwalisha kidogo. Baada ya wiki sita ongeza polepole, na kwa tangi hili usipite samaki 40. Vifaranga wa perege, ambao sokoni huitwa tilapia, huzalishwa katika vituo kama kile cha serikali cha Sagana, kilichoanza mwaka 1948. Kambale pia anafaa, na huvumilia zaidi kwa kuwa anaweza kuvuta hewa kutoka juu ya maji; lakini usimchanganye na perege wadogo, atawala. Samaki uliowanunua usiwaachilie mtoni. Tana ina perege wake wa asili, na wageni huweza kuwaharibia uzao.

Kila asubuhi fungua koki ya chumba cha kwanza utoe ndoo moja ya tope, uipeleke kwenye migomba. Kisha tazama mstari katika chumba cha tatu. Maji yanayokauka kwa jua hupungua katika chumba hicho peke yake, basi ndicho kitakachokuambia. Mtungi mmoja wa lita 20 hupandisha maji humo karibu sentimita 7. Jaza hadi kwenye mstari, usipite. Chakula kiwe kile wanachokimaliza kwa dakika kumi. Kokoto zikijaa tope, zioshe kwa maji ya tangi lenyewe, nusu leo na nusu mwezi ujao, wala usitumie sabuni. Funika tangi la kuchuja kwa wavu mwembamba mbu wasizalie humo.

UMEME UKIKATIKA

Mwenye paneli ya jua na betri amejisaidia. Jua letu ndilo linaloendesha mtambo wa serikali wa megawati 50 hivi uliozinduliwa karibu na mji wa Garissa mwaka 2019. Lakini paneli bila betri huzima magharibi, na usiku samaki wanapumua kama mchana.

Usipokuwa nayo, fanya hivi. Kwanza, usiwalishe. Pili, chota maji katika chumba cha tatu kwa ndoo na uyamimine ndani ya tangi la samaki kutoka juu, kwa nguvu. Maji yataingia na hewa, na yatashuka yenyewe kwa bomba, yapite kwenye kokoto na kurudi pale ulipochota. Hapo mkono wako umekuwa pampu. Watoto wawili wakipokezana, kila robo saa ndoo kadhaa, samaki huokoka. Ukiona samaki wamepanda juu wakitwetatweta, ongeza mwendo.

Ikiwa maji yamesimama siku nzima bila kupita kwenye kokoto, bakteria wamekosa hewa na maji ya chumba cha kwanza na cha pili yatanuka. Usiwashe pampu kwanza. Fungua koki zote mbili, maji hayo yaende shambani, jaza mapya yaliyotulia, ndipo uwashe. Kisha walishe samaki kidogo sana kwa wiki moja au mbili, kama ulivyofanya mwanzo.

Anayetaka kujenga na amwone ofisa wa samaki katika ofisi ya kilimo ya kaunti yake, akichukua vipimo vya tangi lake na hesabu zake mbili zimeandikwa kwenye karatasi. Atakaguliwa hesabu kabla ya kununua mabomba, na hiyo ni nafuu kuliko kununua samaki mara mbili.